Nafikiri, kwa Hiyo Nipo Wapi?

Kuna usemi umezoeleka hapa mjini, hasa kwa wale waliokaa madarasani miaka mingi kuliko sisi, kwamba Kiswahili ni lugha ya mapenzi, siasa, taarabu na mpira, lakini falsafa haikiingii. Ukitaka kuwaza mambo mazito, wanasema, shurti uache kandambili za Kiswahili mlangoni, uingie ndani na viatu vya Kiingereza.

Usemi huu unanihusu. Mimi nimeishia kidato cha nne. Mchana nauza kava na chaja za simu Manzese, usiku naandika riwaya ambayo sasa imefika sura ya saba. Riwaya yenyewe ni ya Kiswahili, na wahusika wake si watu wa kupendana na kuachana tu; wanawaza, wanabishana, wanauliza kwa nini mtu azaliwe halafu afe. Sasa kama kweli Kiswahili hakibebi mawazo ya namna hiyo, basi ndugu msomaji, kazi yangu ya miaka miwili ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Nimeona bora nilichunguze jambo hili mwenyewe, kwa akili niliyo nayo, kamusi pembeni na vitabu vya mtumba vya kando ya barabara.

Kwanza tuulize usemi huo umetoka wapi. Nadhani umetoka shuleni. Katika shule niliyosoma, aliyekamatwa akiongea Kiswahili alivishwa kibao shingoni, na alikaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Basi darasani tulikuwa kimya kama maji ya mtungini. Mwalimu alikuwa akiuliza swali, tunamjibu kwa sentensi tuliyoikariri ubaoni, tena wote kwa sauti moja. Lakini kengele ya mapumziko ikilia, chini ya mwembe nyuma ya choo, palikuwa na mijadala ya kufa mtu. Nakumbuka tulibishana wiki nzima kama kuna kitu kinaitwa bahati, au ni jina tu tunalolipa jambo ambalo hatujui sababu yake. Mmoja alisema kama bahati haipo, basi na sala hazina kazi. Mwingine akamjibu kwamba sala si kuomba bahati. Hakuna aliyetufundisha hayo. Darasani tulionekana mbumbumbu, na chini ya mwembe tulikuwa wanafalsafa, tofauti ikiwa ni hatua mia moja na kibao kimoja cha shingoni.

Neno "falsafa" lenyewe ni msafiri. Sisi tumelichukua kwa Waarabu, Waarabu walilichukua kwa Wayunani, na kwa Wayunani maana yake ilikuwa kupenda hekima. Waingereza nao walilikopa hukohuko kwa njia nyingine. Kwa hiyo wote ni wakopaji, ila mkopaji mmoja anamcheka mwenzake. Halafu, anayependa hekima si lazima atangaze anaipenda kwa lugha gani.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Wengi mmewahi kusikia habari za Mfaransa René Descartes, yule aliyeamua kutilia shaka kila kitu, hata mikono yake mwenyewe, mpaka akabaki na jambo moja lisilotilika shaka: kwamba yeye anayetia shaka, anafikiri, na kama anafikiri, basi lazima awe ni kitu fulani. Kitabu alichoandika hayo kilitoka mwaka 1637, na mnajua alikiandika kwa lugha gani? Kwa Kifaransa, lugha ya nyumbani na sokoni, wakati wasomi wa siku zake waliandika Kilatini. Kilatini kilikuja baadaye. Naam, hata huyo mnayetutisha naye alianza kwa lugha ya mtaani kwao.

Nikajaribu kuisema hoja yake kwa Kiswahili. "Nafikiri, kwa hiyo ni..." Ni nini? Sentensi imekwama. Ukisimama kijiweni ukasema "Mimi ni", kisha ukanyamaza, watu watakuangalia wakisubiri umalize. Ni mwalimu? Ni mgonjwa? Ni mwizi? "Ni" yetu ni kamba ya kufungia vitu viwili. Haifungi kitu kimoja peke yake. Basi ikabidi nigeukie njia nyingine: "Nafikiri, kwa hiyo nipo." Hapo sentensi imesimama. Lakini sikiliza hiyo "-po". Ni "po" ileile ya "hapo" na "palipo". Tunazo tatu: -po ya mahali panapojulikana, -ko ya mahali pasipo dhahiri, na -mo ya ndani. Nipo, niko, nimo. Zote tatu zimebeba mahali mgongoni. Mtu akikwambia "nipo", swali linalokuja mdomoni ni moja tu: "Upo wapi?"

Kumbe jambo hili wenzetu waliliona zamani. Padri Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu falsafa ya Kibantu ya Kinyarwanda, alieleza kwamba katika lugha zetu kitenzi cha kuwa hakisimami chenyewe. Kinataka kuambiwa kuwa nini au kuwa wapi. Naye Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana aliyefariki mwaka 2022, aliipitisha hoja ya Descartes katika Kiakan, lugha ya kwao. Akaona kwamba Kiakan nacho husema kuwapo kwa kutaja mahali. Na hapo Descartes anapata taabu kweli, kwa sababu shabaha yake ilikuwa kuonyesha kwamba nafsi inayofikiri haihitaji mahali popote. Ni fikra tupu, haina urefu wala upana. Mwakan, au Mswahili, akishasema "nipo", amekwisha kujiweka mahali kabla hoja haijafika mwisho.

Wiredu hakusema kwamba Mfaransa ni mjinga. Alichotaka ni kwamba tatizo la falsafa likitujia kutoka lugha nyingine, tulipitishe katika lugha yetu kama unga katika chekeche. Litakalopita ni tatizo la binadamu wote. Litakalobaki juu huenda ni tatizo la lugha ileile lilikotoka.

Nami nikataka kuona kama Kagame yuko sahihi kabisa. Sikwenda maktaba. Jibu nililisikia nyumbani.

Kaka yangu mkubwa aliondoka mwaka 2016, akapanda basi la Tunduma, safari ya Sauzi. Alipiga simu akiwa Lusaka. Akapiga tena mara kadhaa akiwa Johannesburg. Simu ya mwisho ilikuwa mwaka 2019, tangu hapo namba haipatikani. Waliorudi kutoka kule kila mmoja ana habari yake, na hakuna habari inayofanana na nyingine. Siku moja baba mdogo alikuja, akakaa, akanywa chai, kisha akasema kwa upole:

"Shemeji, miaka imekwenda. Tumsomee hitima kijana wetu, roho zitulie."

Mama akasema, "Mwanangu yupo."

"Yupo wapi?"

"Sikusema yuko wapi. Nimesema yupo."

Baba mdogo aliinamisha kichwa, na hitima haikusomwa mpaka leo.

Mama yangu ni wa darasa la saba. Hajui Kagame wala Descartes. Lakini katika sentensi hizo mbili aliikata sarufi vipande viwili kwa kisu. Vitabu vinasema -po ni ya mahali panapojulikana na -ko ni ya mahali pasipo dhahiri. Kwa sheria hiyo, mtu asiyejulikana alipo angestahili "yuko". Mama akafanya kinyume: ile "ko", inayodai mahali, akaikataa, ile "po" akaibakiza, akaivua mahali, akaifanya iseme kitu kimoja tu, kwamba mwanawe hajatoka katika vilivyomo duniani. Kumbe inawezekana! Na ukifikiri vizuri utaona tunafanya hivyo kila siku. Tunasema "Mungu yupo", wala hakuna anayeuliza mtaa. Tunasema "haki ipo", ingawa hatujui imejificha wapi.

Mwaka uliofuata ilikuja sensa, ile ya tarehe 23 Agosti 2022. Karani wa sensa, binti mpole, aliuliza nani na nani walilala katika nyumba usiku wa kuamkia siku hiyo. Mama akataja majina matatu, la kaka likiwemo. Karani akauliza tena, "Mama, wote watatu walilala hapa?" Mama akasita. Akasema, "Waliolala ni wawili." Sikumlaumu karani; serikali inahesabu watu waliolala, haiwezi kuhesabu watu waliopo kwa maana ya mama. Lakini nilijua siku ile kwamba "kuwapo" kuna maana zaidi ya moja, na kwamba kati ya maana hizo mtu mzima anaweza kupotea. Kama hilo si swali la falsafa, basi sijui falsafa ni nini. Nalo lilikuja kwa Kiswahili, uani, mbele ya ndoo ya maji.

Kwa hiyo Kagame alikuwa na haki nusu. Lugha inakuonyesha njia iliyokwisha kukanyagwa na wengi, lakini haikufungi miguu usikatize majanini.

Hili ningependa tulielewe vizuri, maana kuna vijana wenzangu wanaoruka kutoka kosa moja hadi jingine. Wakishasikia kwamba lugha ina uhusiano na mawazo, wanadai lugha ndiyo inayofikiri, na kwamba falsafa yetu yote imo katika sarufi, inangoja kuchumwa kama embe. Kagame mwenyewe aliyagawa yote yaliyomo duniani katika makundi manne kwa kufuata ngeli za Kinyarwanda: kundi la mtu, la kitu, la mahali na la namna. Ni wazo zuri. Lakini hebu lipime kwa Kiswahili. Kijana, kiongozi, kipofu, kiziwi: wote wamevaa "ki" ya kitu. Je, kijana ni kitu? (Wapo viongozi wanaotuona hivyo, lakini hilo ni jambo jingine.) Ukitunga sentensi utaona lugha yenyewe inakataa: hatusemi "kijana kimefika", tunasema "kijana amefika". Jina limevaa nguo ya kitu, kitenzi kimemheshimu kama mtu. Ukiisoma falsafa katika kiambishi cha kwanza tu, utadanganyika mchana kweupe.

Au chukua habari ya wakati. Mwaka 1969 John Mbiti wa Kenya alichapisha kitabu kilichosomwa dunia nzima, akaeleza kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ujao ni mfupi sana, karibu haupo. Alichambua vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, na kwa wazo lake akaazima maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Mimi namheshimu mzee huyo, aliyefariki mwaka 2019. Lakini kama tunakwenda kwa ushahidi wa maneno, mbona Kiswahili kina kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo? Siku nne mbele, kila moja na jina lake! Na mama zetu wanacheza upatu wa watu kumi na wanne, kila mwezi mmoja anapokea. Anayepewa namba ya mwisho anaujua wakati ujao vizuri kuliko profesa.

Mfaransa mwingine, Émile Benveniste, aliandika mwaka 1958 kwamba makundi ya mawazo aliyoyaorodhesha Aristotle yanafanana mno na makundi ya lugha ya Kiyunani yenyewe. Akalinganisha na Kiewe cha Ghana na Togo, ambako kazi za kile kitenzi kimoja cha kuwa hugawanywa kwa vitenzi vitano. Naona mfano huo unatuondolea unyonge. Mwewe hakukosa kitenzi; Myunani ana chumba kimoja na yeye ana vitano. Nasi tuna vyumba vyetu: ni, -po, -na, kuwa. Ukilala katika vyumba vyako usione haya kwamba nyumba yako si ya chumba kimoja.

Aliyenisaidia zaidi kutoka katika mkanganyiko huu ni Mkenya, Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995. Yeye hakuchambua viambishi. Alikwenda vijijini kuzungumza na wazee. Kisha akawatofautisha: wapo wazee wanaojua hekima ya kabila lao na kuisema vizuri, na wapo wanaoijua kisha wakaihoji. Hao wa pili ndio aliowaita wanafalsafa.

Kipimo hicho nikakipeleka kijiwe cha kahawa cha mtaani kwetu. Pale kuna wazee wa methali. Ukichelewa watakwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Ukifanya pupa watakwambia haraka haraka haina baraka. Wanazo za pande zote mbili, hawashindwi. Lakini yupo mmoja, fundi cherehani mstaafu, ambaye akisikia methali huweka kikombe chini. Siku moja mtu alisema mtu ni utu. Mzee akauliza: "Na mwehu anayelala sokoni, asiyejua jema wala baya, huyo si mtu?" Kimya. Mmoja akasema ni mtu, ila utu wake umelala. Mzee akauliza: "Basi utu ni kitu alicho nacho yeye, au ni kitu tunachodaiwa sisi kwake?" Ubishi uliendelea mpaka muuza kahawa akafunga birika. Angalieni: ubishi ule wote ulisimama juu ya silabi mbili, "u" na "tu". Lakini silabi hazikubishana zenyewe. Alihitajika mzee wa kuziuliza.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu kuhusu falsafa na lugha. Lugha ni kama kitambaa cha yule fundi. Kina uzi wake, kina upande unaonyooka na upande unaovutika, na ukikikata bila kujua hayo nguo itakaa upande. Lakini kitambaa hakijawahi kujishona suruali.

Sisemi hakuna tatizo. Lipo. Tunazo istilahi za vitabuni, kama mantiki, dhana na udhanaishi, ambazo ukizitamka kwenye daladala watu watadhani unatukana. Ila maneno ni kama viatu vipya, yanabana mpaka uyavae. Tazameni neno "uwepo". Wapo wanaoona "kuwapo" ndiyo sawa, lakini "uwepo" limeingia magazetini, redioni na misikitini, wala halikuomba ruhusa. Sasa tuna jina la kutajia jambo ambalo wanafalsafa wamelihangaikia tangu Uyunani, na tunalitumia kusema "uwepo wa polisi eneo la tukio". Si haba.

Tena njia imekwisha kufyekwa na wenye kalamu. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, akamsimamisha Karama mahakamani ajitetee kwa hoja na visa. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe, alikwenda Wisconsin, Marekani, akaandika kwa Kiingereza tasnifu ya mwaka 1985 kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Angeweza kubaki hukohuko kwenye Kiingereza. Badala yake akatoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, riwaya mbili nyembamba za Kiswahili ambazo ukizisoma unahisi sakafu inasogea. Nagona nimeisoma mara tatu, na kila mara imeniuliza swali jipya. Kezilahabi alifariki mwaka 2020. Huyo ndiye anayenipa moyo. Kiswahili hakikuwa lugha aliyonyonya nayo, lakini alikitafutia kazi ngumu na kikaiweza.

Basi mimi narudi sura ya saba. Mhusika wangu ni mwanamke muuza vitumbua, na mwenye nyumba anamuuliza kama mumewe bado yupo. Jibu lake sijaliandika. Ninazo -po, -ko na -mo, na kila nikichagua moja riwaya yote inageuka: akisema "yuko", anamtafuta, akisema "yupo", anamngoja, akisema "yumo", namwogopa, maana sijui yumo ndani ya nini. Mwandishi wa Kiingereza hana shida hii, maskini, amenyimwa.

Vijana wenzangu mnaoandika, nina ombi. Kila mmoja achague neno moja dogo la nyumbani kwao, si kubwa, dogo, alilolisikia kwa mama yake au kijiweni, alihoji mpaka limjibu, kisha atuletee majibu hapa tuyasome. Na mwenye hoja ya kunipinga asikae nayo moyoni. Kurasa hizi ni zetu sote. Ila aandike kwa Kiswahili, ili tugombane tukiwa tunaelewana.